Uzoefu wangu na kipozaji cha prosesa Peerless Assassin 120 SE kwenye bodi mama ya AM4

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na send-off, kwa hiyo kompyuta yangu haipumziki. Prosesa ni Ryzen 7 5800X ya AMD, inayokaa kwenye soketi ya AM4, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi. Ni nzuri sana kwa kazi hii, ila joto lake si la mchezo: kwenye karatasi inatajwa kuwa ya wati 105, AMD huiuza bila kipozaji ndani ya boksi, na ikigonga nyuzi 90 inajipunguzia kasi yenyewe. Sasa weka hiyo mashine Tabata mwezi wa pili, mchana, chumba kina nyuzi 31 na hakuna kiyoyozi. Kile kipozaji kidogo nilichokihamisha kutoka mashine ya zamani kilikuwa kinaigotesha kwenye 90 kila ninapotoa video ndefu. Katika hali hiyo kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, ni kazi bure.

Kipozaji cha feni hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Wengi wanaopima vipozaji huko Ulaya na Marekani wanakaa kwenye vyumba vya nyuzi ishirini na kitu. Ukisoma namba zao, wewe wa Dar ongeza kumi hivi ndipo upige hesabu.

Nilianzia Kariakoo. Kijana mmoja dukani akaniambia, "Bosi, hiki kinaingia bodi zote." Nikamwomba boksi nisome ubavuni: soketi za Intel tupu. Hakuna kipozaji cha bodi zote, kuna chenye vifaa vya kufungia soketi kadhaa. Matundu ya AM4 yamepangwa milimita 54 kwa 90, wakati LGA1200 ya Intel ni 75 kwa 75 na LGA1700 ni 78 kwa 78. Hizo milimita tatu kati ya Intel na Intel zinatosha kufanya skrubu isikae.

Nikaishia kuagiza Thermalright Peerless Assassin 120 SE, ambayo ina vifaa vya AMD na Intel humo humo. Ni minara miwili ya mabati membamba ya aluminiamu, mirija sita ya joto, na feni mbili za milimita 120. Kimo chake ni milimita 155. Kasha langu linapokea hadi 160, kwa hiyo Noctua NH-D15, ambayo watu wanaisifia na kwa haki, niliiacha kwa sababu ina 165 na kioo cha ubavuni kisingefungika. Vipozaji vya maji sikuvitaka. Pampu ikifa, kurudisha kitu kilichotoka nje kwa ajili ya warantii si safari ya kuifurahia.

Kimo peke yake hakitoshi. Feni ya mbele inaning'inia juu ya nafasi za RAM, na RAM zangu ni fupi, zisizo na taa, zikaingia chini yake bila shida. Ukiwa na zile ndefu zenye urembo juu itabidi uipandishe feni, na kila milimita unayoipandisha inaongezeka kwenye kimo. Pima na hilo.

Jambo ambalo sioni likizungumzwa na mafundi wetu ni saketi za umeme zinazozunguka soketi, VRM. Kipozaji kifupi kinachopuliza kuelekea chini huwa kinazipoza na zenyewe bila mtu kujua. Mnara unapuliza ubavu kwa ubavu, hewa haishuki kule. Bodi yangu ni ya chipseti ya B550 (chipu ya bodi inayoamua inaruhusu nini) na VRM zake zimevikwa vyuma vya kupozea, na nikaongeza feni ya kutoa hewa nyuma ya kasha. Kama bodi yako ina VRM zilizo uchi, kuwa na mnara mkubwa na volti za kuovakloki juu yake ni kuhamisha tatizo kutoka prosesa kwenda kwenye bodi.

Kufunga si kugumu ila kuna sehemu moja ya kuwa makini. Vile vishikizo vya plastiki vya AM4 ukivifungua, bati la nyuma ya bodi halina kingine kinacholishika, linadondoka. Nililishikilia kwa kiganja huku nikianza nyuzi za skrubu kwa vidole, kisha bisibisi ndefu. Feni ya katikati inatoka kwanza ili uzifikie skrubu mbili za kukaza, na unakaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Na kama bodi ni ya mtumba, igeuze dukani kabla ya kulipa uhakikishe bati hilo lipo, maana kipozaji hiki kinategemea la AMD lenyewe na wauzaji wengi hulipoteza.

Matokeo: kazi ile ile, chumba kile kile, prosesa sasa inacheza kwenye 80 na kidogo. Ndipo nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya bodi yenyewe, nikawasha PBO (njia ya AMD ya kuiruhusu prosesa ijiongezee kasi) na kupunguza volti kupitia Curve Optimizer iliyo humo humo, na kasi ya koa zote, yaani viini vya prosesa, ikapanda bila kugusa 90. Sauti ya feni nikiwa na hedifoni siisikii kabisa. Nimeridhika mno.

Mwenye bodi ya A520 asinunue kwa ajili ya kuovakloki, chipseti yenyewe hairuhusu. Kwa upande wa Intel, tafuta prosesa yenye herufi K kwenye jina na bodi yenye chipseti ya Z. Na wa AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, kipozaji hiki kinawafaa, tena kwao bati la nyuma limefungwa pamoja na soketi, halidondoki.