Kulelewa na timu ya Ulaya, kolabo na timu ya Moshi: riviu ya msimu wetu wa iGEM hapa Arusha

Wakuu, tangu tumalize msimu watu wananifuata inboksi na swali moja tu, huu mpango wa timu kongwe za iGEM kulea timu changa una kitu ndani au ni picha za Zoom tu, kwaiyo nimeona niandike mara moja nimalizane nalo. Naandika kama mteja aliyetumia huduma, sio kama mtu wa kamati, na timu sitazitaja, wahusika wakisoma watajijua.

Kwa asiyejua, iGEM ni mashindano ya wanafunzi ya baiolojia sintetiki, yaani unachukua vipande vya DNA ambavyo kazi yake inajulikana, unaviunga ndani ya bakteria au kwenye mchanganyiko usio na seli kabisa, ili vifanye kazi uliyoipanga wewe. Ilianza kama kozi ya mwezi Januari pale MIT, chuo cha Marekani, mwaka 2003, mwaka 2004 zikashindana timu 5, sasa hivi ni mamia ya timu na tangu 2022 fainali iko Paris, zamani ilikuwa Boston. Kuna medali za shaba, fedha na dhahabu, na kwa miaka mingi ukitaka fedha ilibidi uoneshe umeshirikiana na timu nyingine kwa kitu cha maana, 2020 wakaja na ubia wa muda mrefu kwenye dhahabu. Nia njema kabisa, ila unajua mambo ya masharti, kitu kikishaingia kwenye fomu watu wanakifanya kwa ajili ya fomu. Sisi tulipojisajili tu meseji zikaanza kumiminika, tujazieni dodoso letu na sisi tutajaza lenu, pigeni picha na bango letu, tutafsirieni kijitabu chetu Kiswahili hadi Ijumaa (huyu wa mwisho hata salamu hakuna). Hiyo kwangu sio kolabo, ni kubadilishana saini, nyota sifuri, na timu changa inaweza kumaliza msimu mzima humo ikiamini inapiga kazi.

Sasa mradi wetu, maana bila huo hamtaelewa kwa nini wengine nawasifia na wengine nawaminya. Tulichagua floridi, ile madini ya kwenye maji ambayo ikizidi inaharibu meno. Ukikulia upande wa Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi huko Ngurdoto, hakuna haja ya kuelezwa, meno yanajieleza yenyewe. WHO wanasema maji ya kunywa yasizidi milligramu 1.5 kwa lita, Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4 kabla ya kushusha, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floridi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa. Ishu inayobaki ni kupima, kwa sababu kisima hiki kinaweza kuwa salama alafu cha jirani kikawa balaa, na sio kila mtu ana pa kupeleka sampuli. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern Marekani walitoa kipimo kinachotumia riboswichi, ni kipande cha RNA kinachojikunja, kikikosa floridi kinakatisha usomaji wa jeni njiani, kikiipata kinaachia usomaji uendelee, inatengenezwa enzaimu na hiyo enzaimu inageuza mchanganyiko kuwa njano. Vyote vimekaushwa ndani ya kitubu, unadondoshea maji unasubiri. Walikijaribu Costa Rica na kikawa kinashika kuanzia 2 kwa lita. Sisi tukasema tunataka 1.5, ndio kiwango chetu.

Haya, walezi wetu. Ni timu moja ya Ulaya yenye miaka mingi kwenye haya mashindano, wamewahi kuchukua dhahabu, waliitikia ombi letu haraka na kwa adabu. Kuna binti mmoja wa kwao ndiye alikuwa anashika kesi yetu, sisi tukawa tunamwita Dada tu, mwanzoni alicheka alafu akazoea, mwishoni akawa anasaini hivyo hivyo kwenye meseji zake. Huyu ndiye sababu kubwa ya nyota nilizowapa.

Kazi ya kwanza aliyotupa wala haikuwa ya floridi. Alitaka maabara zote mbili zikuze bakteria wale wale wenye jeni ya protini ya kijani inayong'aa, kila mtu apime mwanga kwa mashine yake, tulinganishe. Sisi tukapata maelfu, wao makumi. Mwenzetu mmoja akaanza kushangilia kwamba bakteria wa Arusha wana afya. Dada akatuacha tushangilie alafu akauliza kwa upole, hayo maelfu ni maelfu ya nini? Kimya. Maana mashine ya mwanga inakupa namba yake yenyewe, haina kilo wala lita, kila mashine na kipimo chake. Akatuelekeza tupunguze fluoresini, ule unga wa kung'aa, nusu kwa nusu kwenye safu ya vishimo, kila kishimo tunajua kina kiasi gani, tusome, tuchore mstari, alafu namba za bakteria tuzisome kwa huo mstari. Tulipofanya hivyo zile tofauti za kutisha zikayeyuka, tukawa karibu kabisa. Akatuambia iGEM wenyewe mwaka 2018 waliendesha zoezi kama hilo kwenye kuhesabu seli, maabara 244 dunia nzima, njia iliyoshinda ikawa ya kutumia vitufe vidogo sana vya silika kama mizani, na matokeo yakatoka kwenye jarida la kisayansi mwaka 2020. Yaani wanafunzi kwa mamia wakashirikiana kupima kitu kimoja na ikatoka sayansi inayotumika na watu wazima. Hiyo sasa ndiyo kolabo, sio bango.

Kingine walichotoa bure na sikutegemea ni daftari lao la majaribio yaliyofeli. Ukurasa wa timu kwenye mashindano unaonesha yaliyofanikiwa tu, grafu zimepanda vizuri, lakini daftari la ndani limejaa "haikuota", "imeota lakini sio yenyewe", "rudia". Tulikuta humo tatizo lile lile lililokuwa limetukwamisha, kwamba chumvi kwenye mchanganyiko ikizidi kidogo rangi inachelewa, na dawa yake imeandikwa pembeni kwa kalamu. Kama unatafuta mlezi muombe hilo daftari kabla hujaomba kikao.

Mabaya sasa. Agosti walipotea. Wote. Kumbe huko ni likizo na hakuna anayegusa simu, sisi ndio tulikuwa kwenye joto la kazi na dedilaini inakuja, meseji zinakaa na tiki mbili za kijivu wiki nzima. Wangetuambia mapema tungepanga, hawakusema. Pia wana tabia ya kudhani kila kitu ni kuagiza tu, "agizeni praima zitafika kesho kutwa" (praima ni vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili jeni), kesho kutwa ya wapi, huku mzigo unatoka nje unapita forodha unaulizwa maswali ya kila aina. Mzigo wao wa kwanza walituma na barafu kavu kwa nia njema, ulipofika Arusha barafu ilishakuwa historia na vitubu vina joto la mkono. Wa pili wakatuma vilivyokaushwa, vikafika salama ndani ya bahasha ya kawaida, sasa si mngeanza na hivyo jamani. Alafu kwenye ukurasa wao wakatuandika "timu yetu ya Afrika". Kapteni wetu akawaandikia kistaarabu kwamba sisi ni timu ya Arusha na sio ya mtu, wakabadilisha siku hiyo hiyo na kuomba radhi, hilo nawapa pointi.

Mambo ya vibali hawakuweza kutusaidia na siwalaumu, kanuni zetu za usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni ziko chini ya sheria ya mazingira na inabidi uzisome mwenyewe. Ndio maana kipimo kisicho na seli hai kilitufaa zaidi, kisimani hupeleki kiumbe chochote kilicho hai.

Sasa wa Moshi. Hawa ni wanafunzi wenzetu, wachanga kama sisi, medali hawana, na wametusaidia kuliko mtu yeyote. Sisi tulikuwa na mashine ya kutikisia chupa, wao hawana. Wao wana friza ya uhakika na jenereta, sisi umeme ukikatika tunakimbizana. Kwaiyo sampuli zikawa zinasafiri na Coaster ya Moshi ndani ya kile kikasha cha kubebea chanjo chenye vipande vya barafu pembeni, mtu anakipakata magotini toka stendi hadi stendi, na konda akiuliza ni nini unamwambia ni maji ya utafiti, anakuangalia mara mbili anaendelea kudai nauli. Ndio waliotuonesha kwamba bila otokleivu ya kisasa, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, unaweza kusafisha vifaa kwa presha kuka kubwa ikiwa inafikia nyuzi 121, ukisubiri dakika zake bila haraka. Mzungu wa kukuambia hivyo hayupo, sio kwamba hajui, ni kwamba hajawahi kulazimika.

Ila kubwa kuliko yote ni visimani. Walezi wetu walitutumia dodoso la kuhoji wananchi, maswali ya kuchagua kuanzia moja hadi tano, unakubali kwa kiasi gani na nini na nini. Tulipoenda nalo kijiji kimoja huko juu ya Usa River, dada mmoja wa timu ya Moshi akaliangalia akalikunja akaliweka kwenye begi. Akamsalimia mama mwenye kisima, shikamoo mama, marahaba wanangu karibuni, akaomba kiti akakaa, wakaongea mvua na mahindi mpaka mama mwenyewe akauliza mmefuata nini. Tukamuonesha kitubu, kikageuka njano mbele yake. Mama akakitazama weee alafu akasema, sasa mkishajua kina hiyo kitu, mtanipa maji mengine? Kati yetu wote hakuna aliyekuwa na jibu. Jioni ile tuliandika upya nusu ya mradi, tukaongeza sehemu ya mtu anafanya nini akishaona njano, ikiwemo mkaa wa mifupa na maji ya mvua. Majaji walituuliza zaidi kuhusu sehemu hiyo kuliko riboswichi yenyewe.

Na sisi tukalea kidogo pia, tulienda sekondari moja tukawatolea DNA ya ndizi kwa sabuni ya maji, chumvi na spiriti ya baridi, watoto wa kidato cha tatu wakaona ule ute mweupe unapanda, mmoja akauliza kama unaliwa. Siku nzuri, ila tuliwaacha bila kitu cha kuendelea nacho, nadhani ulezi wa siku moja unampa raha zaidi mlezi.

Kama unauliza gharama, ulezi wenyewe ni bure, kinachokula hela ni ada ya timu ambayo inafika maelfu ya dola, bado hujagusa Paris, na bando la vikao maana wao kamera inawaka muda wote na wanashangaa wewe umezima. Kipimo chetu kwa 2 njano inaonekana vizuri, kwa 1.5 macho bado yanabishana, tunaendelea.

Walezi wa Ulaya nawapa tatu na nusu, ile nusu ni ya Dada peke yake. Moshi ningewapa tano bila kufikiri, ila pipeti yetu ya bluu wanayo mpaka leo na kila nikiuliza naambiwa inakuja na Coaster ya kesho.