Pweza mtamu, geti chungu (Diani)

Naanza na pweza ndo msiseme nimekuja na chuki zangu. Pweza wa nazi wa hii restoranti ya ufuoni ni balaa, laini, tui zito la nazi ya kukuna si ya pakiti, wali wa moto. Bei ni ya watalii lakini unashiba.

Shida ni geti. Nilienda na mwenzangu wa kazini, Mjerumani, na hakuna aliyekuwa amebuku kati yetu. Soja wa getini kwake yeye "karibu sana madam", kwangu mimi "dada, we umekuja kwa nani?" Nikatoa kitambulisho nikaandika kwa kitabu, nikafunua kurasa mbili tatu za nyuma: Mwanajuma, Otieno, Kariuki, Mwanajuma tena. Hakuna Hans hata mmoja, na ndani wamejaa tele!

Tumekaa mwenzangu ananiambia pole, lakini hata yeye hubaguliwa, boda kutoka Ukunda alimtaka 300 na mimi ningelipa 100. Sikatai, kaonewa kwa rangi yake na haifai. Ila tupime vizuri jamani. Yeye kapoteza 200, kapanda, kafika. Boda hana geti wala hoteli, akigoma kushusha bei wenzake kumi wako pale steji. Mimi nikifukuzwa hapa naenda wapi, na hoteli ya jirani nayo ina kitabu chake? Na soja mwenyewe mweusi kama mimi, lafudhi ya Kidigo kabisa, simlaumu sana maana amri si yake, akinipitisha bila kuandika kesho yuko nyumbani anatafuta kazi.

Kuna wanaosema ubaguzi ni ubaguzi tu, haijalishi nani kafanya. Mbona 2015 ile restoranti ya Kichina pale Kilimani Nairobi ilikuwa haitaki Waafrika baada ya saa kumi na moja jioni, ati usalama, ndani ya Nairobi jamani! Boda wa Ukunda hata awachukie wazungu vipi, atawafungia wapi? Na ile ya Kilimani ilifungwa baada ya watu kupiga kelele, tena kwa ishu ya leseni, wakati katiba ya 2010 kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi waziwazi.

Haya, weita mpole, madafu baridi, choo kisafi. Nyota mbili, zote za pweza. Tukitoka soja akaniita nisaini saa ya kutoka, mwenzangu alishapita zamani yuko barabarani anabishana na boda.