Gitaa la pedali: jipya au mtumba, kwa mnunuzi aliye Tanga

Pikipiki ikitoka dukani tu imeshashuka bei, na kila mwaka inazidi kushuka. Gitaa la pedali, lile la kulazwa juu ya miguu ya chuma, lenye nyuzi kumi, pedali tatu na leva nne za magoti, haliendi hivyo. Linamshukia mnunuzi wa kwanza, basi. Baada ya hapo linaweza kukaa bei ile ile miaka ishirini. Wapiga dansi na taarabu wa Tanga wanaolitamani tangu walisikie likilia kwenye muziki wa juju wa King Sunny Adé wa Nigeria wasikae kungoja lishuke.

Tazama Carter Starter, gitaa la wanafunzi lililotoka Texas. Likiwa jipya lilikuwa chini ya dola 1,000. Kiwanda kilishafungwa, na lililotunzwa bado linaombewa bei hiyo au zaidi. Si kwamba ni gitaa zuri sana; mwili wake ni mwepesi na sauti yake nyembamba. Ila lina leva nne, na kwa bei hiyo hupati jingine kirahisi. Jipya la kitaalamu lenye shingo moja ni kama dola 3,500 hadi 5,500. Watengenezaji wenyewe ni wachache, na mara nyingi unaagiza kwanza ndipo waanze kulitengeneza.

Muuzaji wa gitaa la zamani atakwambia limepanda. Mpigie hesabu. Dola 1,000 za mwaka 1974, kwa mfumuko wa bei wa Marekani, ni zaidi ya dola 6,000 za leo. Gitaa lililonunuliwa 1,000 wakati ule likiuzwa 2,500 sasa, limepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Huo ungekuwa unafuu wetu kama si shilingi. Mwaka 2005 dola ilikuwa shilingi 1,100 na ushee. Mwaka 2024 ilivuka 2,600. Gitaa la dola 1,200 ambalo halikupanda hata senti moja limetoka milioni 1.3 hadi milioni 3.1 kwa mtu wa Ngamiani, hapa Tanga.

Bado halijafika. Chukulia usafiri ni dola 400: jumla 1,600, sawa na shilingi 4,160,000 kwa kiwango hicho. VAT ya asilimia 18 juu ya hapo ni 748,800, na itazidi kwa sababu inakokotolewa baada ya kuongeza ushuru wa forodha. Yaani kabla ya wakala wa bandarini na basi la kutoka Dar, uko karibu milioni tano. Ndiyo maana uzito ni sehemu ya bei. Lenye shingo mbili, moja ikityuniwa E9 na nyingine C6, likiwa ndani ya kasha hupita kilo 30, na wapigaji wengi siku hizi hawaigusi C6. Kwa hiyo la shingo mbili mara nyingi huuzwa bei ya kukaribiana na la shingo moja, na watu huliona ni bahati. Kwa anayelipia kila kilo, si bahati.

Chapa za Sho-Bud na Emmons za zamani ndizo zinazoshika bei kuliko zote, hasa Emmons za mfumo wa kusukuma na kuvuta. Sauti yake inastahili sifa. Lakini kuliweka sawa gitaa la mfumo huo ni kazi ya anayelijua, na huyo kwa hapa humpati. Sho-Bud Maverick nayo iache, hata ikiwa rahisi: nyingi zina leva moja tu, na kuongeza nyingine ni kufumua gitaa zima.

Kabla ya kutuma hela, dai video. Tyuna, kifaa cha kupimia sauti ya uzi, iwe imewashwa na ionekane. Uzi wa tatu upigwe ukiwa G#, pedali ya pili ikanyagwe ili uzi upande hadi A, iachiwe, upigwe tena. Nusu toni ni senti 100. Uzi ukirudi na tofauti ya senti 5 au zaidi, chenja, yaani mtambo unaovuta nyuzi pedali ikikanyagwa, imeliwa au imeganda mafuta ya zamani. Kuganda si tatizo kubwa: petroli ya kiberiti, brashi ndogo, kisha tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kidole. Kuliwa ni jambo jingine. Omba picha ya karibu ya vidole vya chenja pale nyuzi zinapopinda. Ukiona mifereji, punguza bei au achana nalo. Mwambie muuzaji aligeuze juu chini pia, uhesabu njugu za nailoni kwenye ncha za fito, vile vyuma vyembamba vinavyovuta chenja. Zilizopasuka zinabadilishika, na spana yake ni ya inchi 3/16. Ya milimita 5 italegea na kuzila. Fito iliyopinda au kiungo kilichovunjika, fundi wa kukereza atakichonga akipewa sampuli.

Kwa chumvi ya pwani yetu, lililovikwa fomaika linavumilia kuliko la vanishi, ambayo hufanya nyufa na kubabuka. Amplifaya ya Marekani usiibebe. Ni ya volti 120, na huku umeme ni 230. Pedali ya sauti ibebe, maana bila hiyo gitaa hili halilii ipasavyo.

Nyuzi: unaokatika zaidi ni huo wa tatu, unene 0.011, kwa kuwa umekazwa sana na bado unavutwa juu. Seti ya kawaida ya gitaa la umeme inayoanzia 11 inao. Nunua nyuzi tano za namna hiyo.