Kukunja springi za nyuma za Hilux na kuongeza pleti moja: uzoefu wangu baada ya kilomita 9,000

Gari ni Toyota Hilux kabini mbili ya 2009, injini 2KD. Huduma yenyewe: springi zote mbili za nyuma kufunguliwa, pleti (vyuma bapa vinavyopangwa kuwa springi) kukunjwa upya ili gari lililolala linyanyuke, na kila upande kuongezwa pleti moja. Imefanyika Dar es Salaam kwenye banda la mafundi springi, siku moja na nusu. Nimelipa ufundi shilingi 120,000, pleti mbili 80,000, yubolti nne mpya (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) 60,000 na senta bolti mbili (bolti ya katikati inayoshika pleti pamoja) 10,000. Jumla 270,000, bila bushi (raba za kwenye macho ya springi).

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kazi ya kukunja ni nzuri na imedumu. Nyota moja na nusu zimepotea kwenye mambo mawili: moto wa gesi, na yubolti za zamani ambazo walitaka kuzirudisha. Nayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayofanya watu waseme springi za kukunja hazidumu mwezi.

Kabla hujapeleka gari, pima. Weka gari sehemu tambarare bila mzigo, upepo wa tairi sawa pande zote, kisha pima kutoka katikati ya ringi kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Yangu ilikuwa mm 485 kulia na mm 497 kushoto. Usipime kutoka chini hadi fenda, maana tairi lililoisha au lenye upepo mdogo linakudanganya. Vipimo hivi viandike, kwa sababu fundi akimaliza atakuambia "imenyanyuka vizuri" na wewe hutakuwa na cha kulinganisha. Upande wa dereva kulala zaidi ni kawaida, kwa hiyo mwambie fundi mapema ni upande upi unataka unyanyuke zaidi. Asikunje zote kwa kipimo kimoja.

Kufungua si kazi kubwa. Chasisi inakaa juu ya stendi, difu (ekseli ya nyuma) inashikwa na jeki peke yake, shokapu zinafunguliwa chini, halafu yubolti, halafu pini ya mbele na shekeli ya nyuma (kiungo kinachoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi). Pini ya mbele ndiyo inayosumbua: kutu inaiunganisha na bomba la ndani la bushi, na ukiilazimisha inazunguka na bushi yote. Mwagia dawa ya kutu siku moja kabla, na tena asubuhi. Kwangu ya kulia ilitoka kwa nyundo, ya kushoto ilibidi ikatwe kwa grenda.

Kuna hatari moja hapa. Senta bolti ikifunguliwa, pleti zinaachana kwa nguvu. Springi ibanwe kwanza kwenye jiliwa au kwa klempu mbili, moja kila upande wa bolti, ndipo nati ifunguliwe, na klempu zilegezwe polepole.

Pleti zikishaachana, piga brashi ya waya na uangalie nyufa, hasa kwenye tundu la senta bolti na pale ncha ya pleti ya chini inapogusa ya juu. Ufa wa tundu husababishwa na yubolti zilizolegea: springi inaanza kucheza juu ya difu, uzito wote unakunjia palepale penye tundu. Pleti yenye ufa haikunjwi wala haichomelewi, inatupwa. Na kama iliyopasuka ni pleti mama, ile yenye macho, mimi ningesimamisha kazi na kununua springi nzima. Zangu zilikuwa nzima zote, tano kila upande, ya chini kabisa ikiwa nene na karibu imenyooka. Hiyo ni ya mzigo, haikunjwi.

Sasa moto.

Chuma cha springi (Wajapani wanatumia kinachoitwa SUP9) kinapata nguvu yake kiwandani: kinachemshwa hadi kama nyuzi 850 za Selsiasi, kinatumbukizwa kwenye oili, kisha kinapashwa tena nyuzi mia nne na kitu hadi mia tano ili kisiwe kigumu cha kukatika. Fundi akiwasha gesi akafanya pleti iwe nyekundu, ameifuta kazi yote hiyo. Akiiacha ipoe kwa hewa, chuma kinakuwa laini. Gari linanyanyuka vizuri siku hiyo na baada ya wiki chache limelala tena. Akiimwagia maji, inakuwa ngumu kama kioo na inakatika kwenye shimo la kwanza. Hakuna njia ya tatu kwenye banda lisilo na tanuru na oili.

Kukunja sahihi ni baridi. Fundi wangu mkuu anaifahamu vizuri sana. Alilaza pleti mama sakafuni, akachora umbo lake kwa chaki, kisha pembeni akachora umbo analolitaka. Pleti ikawekwa juu ya vyuma viwili vilivyoachana kama sentimita 12, nyundo ya kilo tano ikapiga katikati, pigo dogo, pleti ikasogezwa vidole viwili, pigo tena. Anaanzia karibu na tundu la katikati anaelekea ncha, anarudi sakafuni kulinganisha na chaki, anaendelea. Mapigo mengi madogo. Ukiona mtu anapiga matatu makubwa, pleti inakuwa na pembe badala ya mviringo, na pembe hiyo ndiyo itakayopasuka. Vivyo hivyo asipige juu ya tundu lenyewe.

Mafundi wenye mashine ya kubana wanafanya kazi hiyohiyo kwa haraka na kwa usawa zaidi. Nyundo inatosha kama mkono ni mzuri.

Tatizo lilitokea kwa msaidizi. Pleti ya tatu ya kulia aliipasha gesi ili aimalize haraka. Dalili zinaonekana wazi hata kama hukuwepo: magamba ya kijivu yanayobanduka, na pembeni yake mstari wa rangi ya bluu na zambarau. Ukitaka uhakika chukua tupa, sugua pembeni mwa pleti hiyo, kisha sugua pleti ambayo haijaguswa. Iliyopashwa inaliwa kwa urahisi, tupa inaacha unga mzito. Kwenye ambayo haijaguswa tupa inateleza zaidi. Nilikataa ile pleti, wakanipa nyingine bila ubishi. Kwa hiyo kaa pale. Ukiacha gari na kurudi jioni, pleti zimeshapakwa rangi nyeusi na huoni kitu.

Pleti ya kuongeza ina masharti yake. Upana wa springi ya Hilux ni mm 60. Za Land Cruiser ni mm 70, na mabandani zimejaa, kwa hiyo utaambiwa ikatwe pembeni kwa gesi. Kataa, kwa sababu ileile ya moto. Tundu la katikati nalo litobolewe kwa drili, si kwa gesi.

Unene ndio watu wengi hawaufikirii. Ukakamavu wa pleti unafuata unene kuzidisha unene kuzidisha unene, yaani pleti ya mm 8 si ngumu zaidi kidogo kuliko ya mm 7, ni karibu mara moja na nusu. Nilipewa chaguo hizo mbili, nikachukua ya 7 kwa sababu gari linatembea tupu siku nyingi. Anayebeba mzigo kila siku achukue ya 8 na akubali kurushwa akiwa tupu. Urefu: iwe fupi kuliko ya juu yake na ndefu kuliko ya chini yake, na nafasi yake ni juu ya ile nene ya mzigo. Umbo: iwe imejikunja kidogo zaidi kuliko ya juu yake. Ukizilaza pamoja kabla ya kufunga, ziguse ncha tu na katikati kuwe na mwanya. Senta bolti ikibanwa, mwanya unafungika na pleti zinasaidiana. Pleti iliyonyooka kuliko ya juu yake inafungwa vizuri tu, lakini ncha zake hazibebi kitu mpaka gari lilemewe.

Wakati wa kurudisha: vile visahani vya plastiki vya kwenye ncha virudi, vilivyoisha vibadilishwe, la sivyo springi italia kila unapopita tuta. Klipu za pembeni zifungwe. Bila klipu pleti zinatoka kwenye mstari na kusugua chasisi. Senta bolti iwe ya chuma kigumu, si kipande cha fimbo yenye uzi, na kichwa chake kiingie chote kwenye tundu la kikalio cha difu. Kisipoingia, difu inakaa upande mmoja na gari linatembea kama kaa.

Yubolti zangu za zamani zilisafishwa kwa dizeli na brashi, zikang'aa, zikawa tayari kurudi. Nilizikataa. Kwanza uzi ukishakazwa mara moja unavutika. Pili, kwa pleti moja ya mm 7 zaidi zilikuwa fupi: nati iliingia bila uzi wowote kutokeza. Baada ya kukaza uzi utokeze angalau duru tatu. Kaza kwa msalaba, kidogokidogo, nati zote nne zikienda pamoja. Nilimalizia kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), Nm 120. Kisha rudia baada ya kilomita 100 na baada ya 1,000. Mara ya kwanza zote nane zilisogea, karibu robo mzunguko. Hili si kosa la fundi, ni rangi na kutu vinavyokaa kati ya pleti vikijibana. Kutorudia ndiko kunakovunja senta bolti.

Na pini ya mbele na shekeli zisikazwe gari likiwa linaning'inia. Bushi ya raba imeshikana na bomba lake. Ukiikaza springi ikiwa imeanguka, gari likishushwa raba inajikunja na kubaki imevutwa siku zote, inachanika mapema. Weka nati kwa mkono, shusha gari, litikise, ndipo ukaze. Banda lilikaza juu ya stendi. Nililegeza nikakaza upya mwenyewe, dakika ishirini.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja pale ni breki. Juu ya difu kuna valvu ya breki za nyuma, imefungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na difu kwa fimbo. Gari likibeba mzigo linashuka, fimbo inaiambia valvu iongeze presha nyuma. Ukinyanyua gari sentimita nne, valvu inaamini mzigo ni mdogo kuliko ulivyo, hata ukiwa na mifuko 16 ya simenti, na breki za mbele zinabeba sehemu kubwa mno ya kazi. Unaijua kwa pedi za mbele kuisha upesi na pua ya gari kuinama sana unaposimama. Kiungo cha fimbo kina uzi na nati mbili: kukirefusha kunaongeza presha ya nyuma, kukifupisha kunaipunguza. Kazi hii ifanywe na fundi breki mwenye geji, kwa sababu ukizidisha, tairi za nyuma zitajifunga kabla ya za mbele na gari tupu kwenye barabara yenye maji litageuka. Fundi breki alirefusha changu kidogo tu na tofauti ilikuwa kubwa.

Angalia pia mpira wa breki unaoshuka kwenye difu usivutike gari likining'inia, na shokapu zisiwe ndizo zinazozuia difu kushuka. Taa za mbele zinainama, zipandishe. Propela shafti ya kabini mbili ina beringi ya katikati, na kwangu kulikuwa na mtetemo mdogo wa kuondoka kwa gia ya kwanza gari likiwa tupu. Spesa ya mm 6 kwenye kishikio cha beringi hiyo iliumaliza.

Matokeo: siku ya kutoka nilipima mm 540 kulia na 541 kushoto. Kilomita 1,000, 528 na 530. Kilomita 9,000, 525 na 528. Kushuka kule kwa mwanzo ni kawaida, ila kungeendelea ningejua kuna pleti laini. Simenti mifuko 16, kilo 800, zamani raba za kugongea, zinazozuia difu kugonga chasisi, ziligusa kabisa. Sasa kuna nafasi ya vidole vinne. Springi haijabadilisha uzito ulioandikwa kwa gari hili, maana difu, breki na tairi ni zilezile.

Likiwa tupu, kwenye rasta (vituta vidogo vinavyofuatana) nyuma inaruka zaidi kuliko zamani. Kurudisha upepo wa tairi za nyuma kwenye kipimo cha kibandiko cha mlango kumesaidia zaidi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu nilikuwa nimezoea kujaza za mzigo na kusahau. Barabara ya vumbi haina shida.

Wiki iliyopita nilifungua klipu moja ya kulia kukagua. Visahani vya plastiki vizima, ncha za pleti mpya zimeng'aa kwa upana wake wote, yaani inabeba. Bushi za shekeli ndizo zimeanza kuachia, vipande vyote vinne vya upande huo, na zinabadilishwa mwezi huu.