TAHADHARI: Makafi ya "kaboni" yanayouzwa kwa WhatsApp huku Pwani si kaboni

Ndugu zangu wa Kilifi, Watamu, Mombasa na Diani mnaopenda ubao wa SUP, ule wa kusimama juu yake na kupiga kafi, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu akiuza makafi ya vipande vitatu anayoyaita kaboni asilimia mia. Bei ni shilingi 14,000, na kila wiki "yamebaki mawili tu". Hayo makafi ni faiba ya kawaida (nyuzi za kioo na gundi) iliyovishwa karatasi yenye picha ya mfumo wa kaboni, kisha ikapigwa vanishi ya kung'aa. Mimi ni fundi wa mbao za maji, kwa hivyo mimi ndiye ninayeletewa maiti za makafi hayo. Ukipiga msasa kwenye mvunjiko, unga unatoka mweupe. Kaboni hutoa unga mweusi tii.

Ujanja wake mkubwa ni ile video ya mizani. Anaweka kafi juu, inasoma gramu 500 na kitu, watu wanatuma pesa. Itazameni tena polepole. Juu ya mizani kuna vipande viwili. Kile cha juu chenye kishikio hakimo. Kafi zima nililopima hapa kwangu lilikaribia kilo moja, uzito wa kafi la alumini la bei rahisi. Kafi la kaboni tupu la kipande kimoja huwa gramu 450 hadi 600 hivi, na la vipande vitatu huongezeka kidogo kwa sababu ya viungo na vibanio, kama 600 hadi 750. Mtu akikwambia lake la vipande vitatu ni kaboni tupu na lina gramu 950, msifuni kwa ujasiri wake.

Kuna atakayesema gramu 400 ni kitu gani. Piga hesabu. Ukienda mwendo wa kawaida wa mapigo 40 kwa dakika, saa moja ni mapigo 2,400, na kila pigo unainua kafi na kulirudisha mbele. Gramu 400 za ziada mara 2,400 ni kilo 960 zilizopita mabegani mwako ndani ya saa moja. Tena uzito ukiwa kwenye bapa, kule chini, unausikia zaidi kuliko ukiwa kwenye kishikio. Ndiyo maana watu wanalipa pesa ya kaboni. Kama hukimbizi mashindano wala huendi masafa, kafi la faiba lililouzwa kama faiba ni kafi zuri kabisa, na bapa la plastiki ngumu linavumilia kugonga matumbawe kuliko kaboni, ambayo hubanduka kingo. Sigombani na faiba. Nagombana na uongo.

Akikuletea, usitoe pesa kabla ya kulifungua. Vua kipande cha kati uchungulie ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Kaboni ni nyeusi ndani kama ilivyo nje. Hili la kwake ndani ni la rangi ya maziwa, na ukitazama ncha iliyokatwa utaona ngozi nyeusi nyembamba juu ya mwili mweupe. Wapo wanaochanganya rangi nyeusi kwenye gundi ili kuziba hilo, basi njoo na mita ya fundi umeme, ile ya kupimia waya. Gusa ncha mbili za bomba pale palipokatwa, kwa sababu vanishi ya juu inazuia umeme. Kaboni hupitisha, faiba haipitishi. Ukiona ngozi ya juu inapitisha na mwili wa ndani haupitishi, hiyo ni faiba iliyopakwa kaboni kiduchu. Habari ya kugonga kwa sarafu na kusikiliza mlio msiitegemee. Wala asikutishe na "3K". Maana yake ni kwamba kila fungu la uzi lina nyuzi 3,000, basi. Haisemi kaboni iko kiasi gani ndani ya bomba la kafi.

Na bei yenyewe iwashtue. Kafi la kaboni tupu la kampuni inayojulikana huko ng'ambo mara nyingi hupita dola 200, kabla ya usafiri na ushuru.

Kinachoniudhi zaidi ni pahali yanapovunjikia. Yote niliyoletewa yamekatika kwenye kiungo cha chini, juu kidogo ya bapa, pahali pabaya kuliko pote, maana hubakiwa na fimbo tu mkononi. Moja lilikatikia Kilifi maji yakikupwa, na maji ya ile hori yakishaanza kutoka yanakusukuma mlangoni kuelekea baharini. Mwenye kafi alilala kifudifudi juu ya ubao akapiga kwa mikono mpaka wavuvi wa ngalawa wakamvuta. Alikuwa na kamba mguuni na jaketi. Asingekuwa navyo, sijui.

Upande wa pesa: anataka itumwe kwa nambari ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye M-Pesa si lile analojiita kwenye grupu. Anakataa kulipwa mzigo ukifika. Ukilalamika atasema umelitumia vibaya, kisha atakubali "kukubadilishia" ukituma 2,500 za mzigo wa basi. Usitume. Hiyo ni raundi ya pili, na baada yake anakublock. Kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili pesa irudishwe ni kwa pesa iliyokwenda kimakosa, na kama keshaitoa hakuna cha kurudisha. Hifadhi mazungumzo, ile video na ujumbe wa M-Pesa, nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Wengi wanaona haya kwa sababu ya 14,000, naye anategemea haya hiyohiyo.

Kama tayari unalo, usilitoe nje ya mwamba. Litumie kwenye maji ya kina kifupi, kagua kile kiungo cha chini kila unapolikunja, na ukiona ufa mweupe chini ya vanishi lisirudi majini tena. Asiye na mita aje nalo kwangu Kilifi, nitalipima bure.