TAHADHARI: Yule kaka wa chakula cha mbwa anayekuja na mizani

Nimepigwa. Tena mchana kweupe, sebuleni kwangu, na juisi ya ukwaju nikampa kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikutaka kuandika. Mume wangu mnamjua anavyocheka, amenisema siku nne mfululizo, na nilishaapa mambo haya yaishie kwenye geti letu. Lakini jana humu kundini nimeona dada mmoja anauliza wapi atapata chakula kikavu cha mbwa mdogo kwa bei nafuu, na watu wawili wameshamwekea namba. Namba ni mpya, picha ni mpya, maneno ni yale yale: "Nakuletea mpaka mlangoni na mtoto tunampima bure." Ni yeye! Basi aibu naimeza, someni.

Karanga mnamfahamu, sirudii alivyofika wala ile vita na mama mkwe. Kwa wageni: ni mbwa wangu wa aina ya Pomeranian, ana miezi 3 na nusu, ukimweka kwenye kikapu cha sokoni nafasi ya vitunguu inabaki. Na kabla hamjaanza, ndiyo, najua mbwa wa babu zetu walikula ukoko na vichwa vya dagaa na walilinda boma miaka yote. Mbwa wa babu alikuwa na kilo 20. Huyu wangu akikosa mlo mmoja anayumba.

Mara ya kwanza alikuja Jumamosi, saa 9 alasiri, mvua imetoka kukatika. Alikuja na boda. Koti la mvua linachuruzika, akalivua nje, viatu akavua, akabisha hodi akasema, "Dada, nisije nikachafua kwa watu." Niambieni, mtu anayevua viatu bila kuambiwa utamshuku vipi? Hakumrukia Karanga kumbeba kama wanavyofanya wageni wengine. Alichuchumaa, akanyoosha kiganja chini, akangoja anuswe. Karanga akamlamba vidole. Hapo mimi nilishakwisha.

Akauliza jina, nikamtajia. Kuanzia dakika ile nikawa "mama Karanga". Akatoa mizani ndogo ya kidijitali mfukoni, akaweka bakuli juu, akamtuliza mtoto, akasoma gramu 1,100. Akaandika kwenye kauntabuku. Nikachungulia ukurasa: Simba, Bella, Chausiku, Tom, kila mbwa na uzito wake na tarehe yake. Nikajiona mimi ndiye niliyechelewa kujiunga na watu wenye akili zao.

Halafu akaanza darasa. Mbwa wa aina ndogo tumbo lake ni dogo lakini mwili wake unachoma chakula haraka, kwa hiyo apewe kidogo kidogo, mara 4 kwa siku, baadaye mara 3. Akikaa na njaa sukari inashuka, anaweza kuzimia. Punje ziwe ndogo kwa sababu taya ni dogo na meno bado ya utoto. Mfuko uwe umeandikwa wa watoto, siyo wa mbwa waliokomaa, na aendelee nao mpaka miezi 10 au 12, maana mbwa wadogo wanamaliza kukua mapema kuliko wale wakubwa. Na chakula kisibadilishwe ghafla, uchanganye cha zamani na kipya siku 7 mpaka 10. Alisema hayo yote huku anakunywa juisi yangu. Na kila neno lilikuwa kweli! Daktari alikuja kunirudishia maneno hayo hayo baadaye, karibu kwa mpangilio ule ule, nikatamani sakafu ipasuke. Uongo wote aliuweka ndani ya mfuko.

Mfuko wa kwanza ulikuwa halali. Hapo ndipo wengi mtakapokwama kama nilivyokwama mimi. Kilo 1 na nusu, elfu 48, karibu sawa na dukani, Karanga alikula mpaka anasukuma bakuli ukutani. Mwezi mzima kinyesi kizuri, manyoya yanang'aa. Ningeanzia wapi kumkagua mtu wa hivyo?

Akarudi mwezi uliofuata. Sikumpigia mimi, alipiga yeye: "Mama Karanga, kwa hesabu yangu mtoto amebakiza siku tatu." Na kweli zilikuwa zimebaki siku tatu. Mume wangu mwenyewe hajui gesi ya jikoni imebaki siku ngapi. Safari hii alikuwa na haraka. Akapima: gramu 1,400. Akanipa mkono, "Gramu 300 kwa mwezi, unalea vizuri kuliko wateja wangu wote." Mimi kichwa kikavimba. Akasema kontena linalofuata bei inapanda, kwa hiyo kama naweza nichukue mifuko miwili ya kilo 3, ananifanyia elfu 65 kila mmoja. Dukani mfuko ule ni elfu 90. Nikatuma 130,000 palepale. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la kike. Nikauliza. "Ni ya wifi yako, yangu imejaa." Nikabonyeza namba ya siri.

Halafu sikilizeni hii, maana ndiyo inayoniuma kuliko pesa. Akiwa mlangoni akageuka: "Ule mfuko mtupu wa mwanzo bado unao? Nipe niwapelekee vijana wa kurejeleza plastiki, tutunze mazingira." Nikaenda kuutafuta. Nikaufuta kwa kitambaa, nikaukunja vizuri, nikamkabidhi. Na sifa nikammwagia, nikasema laiti vijana wote wa mji huu wangekuwa na moyo kama wake. Kumbe nampa mtaji! Mfuko ule sasa hivi uko kwa mtu mwingine, umejazwa takataka, mtoto wa watu analishwa.

Siku ya kwanza Karanga alinusa bakuli akaondoka. Nikasema anadeka. Siku ya pili nikamlowekea kwa mchuzi wa kuku usio na chumvi, akalamba mchuzi, punje akaziacha ukingoni kama mtoto anavyoacha mchicha. Jioni akatapika, usiku akaharisha. Nikasema labda ni minyoo. Siku ya tatu alikula kidogo kwa sababu nilimlisha kwa kidole, mimi huyu huyu, nilimfungua mdomo nikamsukumia. Sitaki kuongeza hapo.

Jumanne saa 11 alfajiri nikamkuta nyuma ya mlango wa jikoni, amelala ubavu, miguu inatetemeka, fizi nyeupe, macho wazi lakini hanioni. Nilipiga kelele mpaka jirani wa juu akawasha taa. Mume wangu, huyu anayecheka, ndiye aliyekumbuka glukosi ya unga ya watoto. Tukailowesha kidogo, tukampaka kwenye fizi kwa kidole, siyo kumnywesha, maana angepaliwa. Baada ya dakika kama kumi akageuza shingo. Tukaingia kwenye bajaji mimi na kanga ya kulalia.

Daktari akapima kwanza parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoharisha watoto wa mbwa, haikuwepo. Sukari ndiyo ilikuwa chini mno. Akamtundikia dripu kwenye kamguu kale, akaniuliza anakula nini. Nikataja kwa kujiamini kabisa. Akasema, "Kalete huo mfuko."

Akaumwaga kwenye sinia. Wafugaji wenzangu, zile hazikuwa punje ndogo. Zilikuwa vipande! Chakula cha mbwa wakubwa kimetwangwa, sijui kwenye kinu au kwa nyundo, kikapepetwa kikatiwa kwenye mfuko wa watoto wa aina ndogo. Chini umejaa unga. Kwenye kona daktari akaokota punje moja iliyonusurika, pana kama kifungo cha koti, akaniwekea kiganjani bila kusema neno. Harufu ilikuwa ya mafuta ya chipsi ya juzi. Akachukua pamba yenye spiriti akafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwaka wote ukahamia kwenye pamba.

Kilichomtisha daktari zaidi ni sumukuvu, kwa sababu vyakula hivi vingi vina mahindi na vikikaa vibaya vinaota ukungu, na mbwa ini lake halistahimili kabisa. Akanikumbusha 2016, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Watu wazima! Sasa Karanga mwenye kilo moja na ushee? Tumempima ini, tunarudi tena wiki ijayo. Mpaka sasa ametumia 140,000 nje ya ile 130,000 niliyotuma kwa "wifi".

Na msinicheke sana. Mwaka 2007 Marekani kwenyewe kampuni kubwa za chakula cha mbwa na paka ziliuziwa gluteni ya ngano kutoka China iliyotiwa melamini, kemikali ya viwandani, ili protini ionekane nyingi kwenye kipimo, wanyama wakafa figo. Wenye maabara walipigwa, seuse mimi mwenye sebule.

Huyu mtu nataka akamatwe. Nataka awekwe kwenye kiti cha plastiki, apimiwe kwa mizani yake ile ile kilo 3 za vipande vyake, azitafune zote kavu, bila maji, Karanga anamtazama. Nimekwenda kituoni. Askari akauliza mara mbili, "Dada, umesema mbwa?" RB nimepewa hata hivyo, baada ya kueleza kwamba aliyeibiwa pesa siyo mbwa. Namba ya huyo tapeli nimeiripoti kule 15040 kwa kuripoti matapeli wa simu, na FCC, Tume ya Ushindani, nakwenda Jumatatu maana bidhaa bandia ni kazi yao. Wengine mlioumizwa naye tafadhali jitokezeni, mmoja peke yangu naonekana mwenda wazimu.

Mnaniuliza dalili. Dalili zilikuwepo, sema nilikuwa nasifiwa. Juu ya mfuko palikuwa na mshono wa uzi mweupe, wakati wa kiwandani umezibwa kwa moto. Daktari anao mfuko halali wa aina ile ile kabatini, tukaupimisha: wangu mfupi kwa vidole viwili, maana walikata juu wakaziba upya. Bei mnajua. Jina la simu mnajua. Unga mwingi chini. Tarehe ifuteni kwa kidole chenye mate, mbele yake, kabla ya kulipa. Na mtoto wa mbwa akikataa chakula alichokuwa anakipenda, aina ile ile, mfuko ule ule, msiseme anadeka. Mimi nilisema anadeka.

Daktari alinionyesha pia kusoma maandishi ya nyuma, nayaandika kwa haraka. Kama una mfuko wa Marekani, tafuta neno AAFCO, ndio wanaoweka viwango vya chakula cha mifugo kule, na uone wameandika ni wa ukuaji au wa rika zote. Kipimo chao cha chini kwa watoto ni protini asilimia 22.5 na mafuta 8.5, maji yakishatolewa kwenye hesabu. Kwa mbwa waliokomaa ni 18 na 5.5 tu. Ndiyo maana hata kama vile vipande vingekuwa vipya na safi bado huenda visingemtosha Karanga. Na mfuko mtupu, jamani, ukateni vipande kwa mkasi kabla ya kuutupa. Usimpe mtu. Hata akivua viatu.

Karanga anakula tena, kidogo, mara 5 kwa siku. Mfuko wa pili sijaufungua, uko juu ya kabati, unangoja mpelelezi. Dada uliyeuliza jana, kama umeshatuma pesa, nipigie. Na akishakuletea, piga picha ule mshono wa juu akiwa bado mlangoni.