Uzoefu wangu: gia boksi ya Carina Ti niliyoambiwa imekufa

Shilingi 1,350,000. Hiyo ndiyo bei niliyotajiwa mwezi wa sita, gia boksi iliyotumika pamoja na ufundi, nikaambiwa na niharakishe maana "hii ya kwako imeshakufa". Nilirudi nyumbani sina raha. Naandika kwa ajili ya mwenye gari la umri kama langu ambaye huenda wiki hii ameambiwa maneno hayohayo.

Gari ni Toyota Carina Ti ya 1998, injini 5A-FE ya cc 1,500, otomatiki ya gia nne, lina kile kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya nne) kwenye liva ya gia. Ninalo tangu 2011. Nakaa Temboni, duka langu la vitenge liko Kariakoo, kwa hiyo kila siku nashuka Morogoro Road asubuhi na kuipanda tena jioni.

Ugonjwa wake ulikuwa na sura mbili, na ndicho kilichowachanganya wengi. Asubuhi gari linaondoka vizuri, linaingia ya pili, linaingia ya tatu, halafu ya nne inagoma. Barabara ni nyeupe, niko spidi 70, injini inalia tu kama inaomba kupunguziwa mzigo. Nikishakaa kwenye foleni ya Ubungo na kutoka, ya nne inaingia yenyewe. Jioni mambo yanageuka. Gia zinaingia mapema mno, kwa ulaini hata abiria hasikii, ila nikiiacha Ubungo Maji kupanda Kibo nakanyaga mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka mpaka 4,000, gari limeng'ang'ania spidi 40. Daladala zinanipita huku na huku. Zamani ukikanyaga hivyo lilikuwa linashusha gia na kupanda bila shida.

Kwenye gereji ya kwanza walichomeka mashine ya kusoma hitilafu, haikusoma kitu. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba gari nyingi za Japani za miaka ile hazina mfumo wa OBD2 ambao mashine hizi za sasa zinausoma, kwa hiyo mashine kunyamaza hakumaanishi gari zima wala bovu. Wakachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi injini ikiwa imezimwa, wakakitazama, wakasema oili ipo, basi klachi za ndani (sahani zinazobanwa ili gia ishike) zimeisha. Dakika kumi na tano kwa jumla. Hakuna aliyeliendesha gari hata mita mia moja.

Jirani yangu wa dukani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Ilala, si mbali na Karume, anayeshughulika na gia boksi za otomatiki tu. Uwanja wa wazi, mwembe mmoja, magari kama saba yanasubiri. Nikamwamkia, shikamoo mzee wangu, marahaba mwanangu, akaniambia kaa kwanza. Boneti hakuigusa. Alianza kuuliza, na aliuliza kama daktari wa watoto anavyomhoji mama: inaanza asubuhi au jioni, kabla injini haijapata moto au baada, ukiwa unapanda au uko tambarare, ukipunguza mafuta inajirudi au inaendelea? Akamalizia na hili: "Kabla hayajaanza haya, nani aligusa hii gari na aligusa nini?"

Karibu nisimwambie, kwa sababu niliona hayahusiani. Wiki tatu kabla, fundi wa mtaani alisafisha throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) kwa sababu injini ilikuwa inatetema gari likisimama. Na mwaka jana gari lilichemka pale Mbezi Mwisho, rejeta ikabadilishwa, fundi akang'oa na themostati (kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) akasema kwa joto la Dar haina kazi. Mzee alitikisa kichwa taratibu, akaomba ufunguo. Bei ya uchunguzi akaitaja palepale, 40,000, tatizo liwe dogo au kubwa.

Tuliliendesha kama dakika ishirini, Kawawa mpaka Magomeni na kurudi, oili ipate moto. Tukasimama mahali palipo sawa, injini inawaka, mguu kwenye breki, akapitisha liva polepole kutoka P mpaka L na kurudi P. Hapo ndipo alipochomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kusoma upande ulioandikwa HOT. Kwa Toyota hizi hivyo ndivyo oili inavyopimwa. Ukizima injini inapanda kwenye kijiti na kukudanganya kwamba imetosha. Akadondosha matone mawili kwenye tishu nyeupe, akaniita nije kutazama. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, wekundu wake ukionekana kwa mbali pembeni mwa tone. Imezeeka, akasema, lakini nusa. Nikanusa. Haikuwa na harufu ya kuungua. Akasugua tone kwa vidole, hakuna chenga.

Kisha akatoa simu na kuweka saa ya kuhesabu sekunde. Kutoka N (huru) kwenda D (mbele) gia inatakiwa kushika ndani ya sekunde 1.2, kutoka N kwenda R (rivasi) ndani ya 1.5. Alirudia mara tatu kila upande, akiacha dakika nzima kati ya kipimo na kipimo. Yangu ilikuwa ndani ya vipimo mara zote. "Klachi zilizokwisha hazishiki hivi," akasema, na mimi kwa mara ya kwanza tangu niambiwe ile milioni na ushee nikapumua.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike. Kwenye throto, pembeni ya waya wa kawaida wa pedeli ya mafuta, kuna kebo nyingine nyembamba inayoshuka mpaka ndani ya gia boksi. Kazi yake ni kuipa gia boksi habari: dereva amekanyaga kiasi gani. Kwa habari hiyo gia boksi inaamua ibadilishe gia lini, na inaamua pia presha ya oili inayozibana klachi iwe kubwa kiasi gani. Kebo ikilegea, gia boksi inadhani dereva amegusa mafuta kidogo tu hata kama mguu uko sakafuni. Gia zinawahi kuingia, presha inabaki ndogo, na kwenye mlima klachi zinateleza kwa kukosa kubanwa. Ikikazwa mno ni kinyume chake, gia zinachelewa na kila moja inaingia kwa teke.

Akaniambia nikae kwenye usukani, injini imezimwa, nikanyage mafuta mpaka mwisho. Kwanza alihakikisha throto inafunguka yote, akatoa na kapeti la miguuni lililokuwa linazuia pedeli kidogo. Kisha akanionyesha kipete kidogo cha chuma kilichobanwa juu ya kebo, na mdomo wa mpira ambapo kebo inatokea. Nafasi kati ya hivyo viwili haitakiwi kuzidi milimita 1. Kwangu kidole chake kidogo kiliingia bila kugusa popote. Nati mbili zinazoshikilia kebo kwenye bano lake zilikuwa na alama mpya za spana, ile kutu ya miaka imekwanguliwa, chuma kinang'aa. Aliyesafisha throto alizifungua na kuzirudisha alivyoona mwenyewe. Mzee alizilegeza kwa spana mbili, akavuta mpaka ukucha ukawa unapenya kwa shida, akakaza. Aliniasa nisiende kumfanyia hivyo mtu mwingine kwa kukisia, maana gari nyingine hupimwa throto ikiwa wazi na nyingine ikiwa imefungwa.

Jioni ileile nilipanda Kibo. Nilipokanyaga, gari lilishusha gia, likanguruma, likapanda. Nilifika Kimara Mwisho machozi yananilengalenga, na sioni aibu kusema hivyo. Gari hili limenipelekea watoto wawili shule mpaka wakamaliza.

Ile ya asubuhi aliniambia haihusiani na kebo, nikapime mwenyewe kesho yake: nitazame mshale wa joto pale ya nne inapogoma, na pale inapokubali. Nikatazama. Inagoma mshale ukiwa karibu kabisa na chini, inakubali ukifika karibu na katikati. Gari hili limetengenezwa lisiingie overdrive mpaka maji ya injini yapate joto la kutosha. Bila themostati, ambayo kwa injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na kwa kuteremka na upepo wa njia kuu injini haipati moto mapema. Mwaka mzima nilifurahi kuona mshale uko chini, nikijua gari langu haliwezi kuchemka. Kumbe ndicho kilichokuwa kinazuia gia.

Themostati halisi nimeinunua Gerezani kwa 35,000, kulenti (maji maalumu ya rejeta) 25,000. Asubuhi sasa ya nne inaingia kabla sijafika Kimara Korogwe.

Kasoro za huduma yake zipo, nazisema. Hana pa kukalia zaidi ya tairi chini ya mwembe, simu hapokei akiwa kazini, na nilisubiri kuanzia saa mbili mpaka saa sita mchana kabla hajanifikia. Risiti nililazimika kuidai. Gari zenye CVT (otomatiki za mkanda, zisizo na gia moja moja) hazigusi, anakuambia mlangoni usipoteze muda wako. Wenye haraka watamwona msumbufu, maana hakubali kufungua kitu kabla hajaliendesha gari. Mimi kwa hilo hasa namwamini, na 40,000 yake ningeilipa hata kama angeniambia gia boksi imekufa kweli, kwa sababu ningeona kwa macho alivyofikia hapo.

Kuhusu wiki tatu nilizoendesha kebo ikiwa imelegea, hakunificha: klachi lazima zimekula kidogo, na kwa gari la miaka hii hawezi kuapa zitadumu mpaka lini. Oili hakutaka kuibadilisha yote kwa mkupuo mmoja. Ukifungua nati ya chini zinatoka lita tatu hivi, nyingine hubaki kwenye konveta (inayounganisha injini na gia boksi), kwa hiyo tumemwaga mara moja na kujaza Dexron III, ambayo ndiyo inayofaa gia boksi za rika hili, si ile ya Toyota za miaka ya karibuni. Jumamosi narudi kumwaga mara ya pili. Ameniagiza nije na lita tatu nyingine, nifike kabla ya saa mbili, na nisipitie kwa fundi yeyote njiani.